Sentimita Nne za Shanga

1

Uzi ulikatika saa tatu na robo asubuhi, siku ya kupimwa, nyuma ya pazia la kitenge katika Nyumba ya Vipimo ya Ikonongelo. Shanga za Bi Mwashi zikamwagika sakafuni kama mtama wa gunia lililopasuka.

"Mama yangu!" Bi Mwashi akajishika kiuno. "Nimevuliwa mchana kweupe!"

Bi Nyamizi, mpimaji, hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado imeshika mshipi wa kupimia. Ni mshipi mweusi, mpana kama vidole vitatu, na ukimzungushia mtu kiunoni unamsoma yote: upana wa kiuno, presha, sukari, mafuta mabaya yaliyozidi na mafuta mazuri yaliyopungua. Una sauti ya mwanamke mstaarabu ambaye hajawahi kuamshwa na mtoto. Kabla uzi haujakatika ulikuwa umeshasema, "Kiuno, themanini na tatu." Sasa ukajikaza wenyewe, ukanyamaza kidogo kama mtu anayesoma barua mara ya pili, ukasema:

"Kiuno, sabini na tisa. Dalili mbili. Nitume?"

Mpaka wa wanawake ni themanini. Wote wawili walijua hivyo. Wote wawili walisikia.

"Subiri," Bi Nyamizi akauambia mshipi.

"Nitasubiri siku saba. Zikipita, nitatuma nilichosoma mwisho. Asante."

Basi wanawake wawili wakapiga magoti kuokota shanga, na kila mmoja akaokota kwa bidii kubwa ili asimtazame mwenzake.

"Hii si yangu," Bi Mwashi akasema baada ya muda. "Hii mbegu ya ubuyu. Huwa hamfagii humu?"

"Nimefagia humu miaka thelathini, mke mwenzangu. Nimechoka kufagia."

Bi Nyamizi alikuwa na miaka tisini na sita, Bi Mwashi tisini na mmoja, na ungewakuta barabarani ungewasalimu kama wanawake wa sitini na kitu. Waliolewa na mume mmoja, fundi seremala Kasanda, wakamzika pamoja, kisha wakabaki ua mmoja na kuku wao kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuhama. Kilichowaweka hivyo kilikuwa kiloto.

Kiloto ni protini. Mwili wa kijana unaipika wenyewe, kwenye figo, na inapita katika damu kama nyapara: inaiambia sukari mahali pa kwenda, inaitoa chumvi nje, inayakataza mafuta kujenga kibanda kiunoni. Ukishavuka arobaini, mpishi anaanza uvivu. Kiloto kikipungua, zile dalili tano zinazosomwa na mshipi zinaanza kubisha hodi, na haziji moja moja, zinakuja kama wakwe, zimeongozana. Ukiwa nazo tatu, basi ugonjwa umehamia. Hapo ndipo serikali inakupa kichupa kimoja kila mwezi, kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi ya bega, na uzee unasimama mlangoni hauingii.

Lakini kiloto kinafugwa kwenye mapipa ya kiwanda kimoja tu, na Ikonongelo inaletewa vichupa sitini. Sitini na moja hakuna. Aliyemo haondolewi ila kwa mambo mawili: akifa, au akishuka chini ya dalili tatu. Anayeshuka anahesabiwa amepona, anapewa cheti na kupigiwa vigelegele, na mwezi unaofuata hapati kitu. Hata kama ndicho kiloto kilichomshusha. Figo zake, zilizokaa miaka zikiletewa chakula kilichopikwa, zimeshasahau jiko liko wapi. Ndani ya mwaka miaka yote aliyoikwepa inamrudia, na wakwe wote watano nyuma yake.

Hivyo ndivyo wanaume wa Ikonongelo walivyopona, wengi wao, wakafa.

Wanawake hawakupona. Wataalamu waliliandikia jambo hili kitabu kinene. Walisema kwamba katika wanawake wa sehemu hizi kiloto kinafanya kazi mwili mzima isipokuwa kiunoni. Walikuja vijana wawili wenye miwani, wakakaa miaka miwili, wakapima maji ya kisima, wakapima michembe ya viazi vikavu, wakapima moshi wa kuni. Wakala kuku wengi. Wakaondoka hawajui.

Na sasa Bi Nyamizi, magoti sakafuni, shanga mkononi, akajua.

Aliukumbuka mwaka waliofundishwa upimaji, wanawake kumi na mmoja mbele ya daktari kijana aliyekuwa na kalamu mpya. "Mshipi uvaliwe juu ya ngozi tupu," daktari alisema. Mmoja wao akauliza, "Na vitu vya chumbani je, daktari?" Kijana wa watu akaangusha kalamu. Akaitafuta chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili. Alipotokea akasema, "Hayo mtayajua wenyewe, akina mama."

Wakayajua wenyewe. Shanga za kiuno ni za mume na za kuta nne. Hata anayekuosha ukifa anazivua akiwa amegeuza uso. Nani angemwambia mwanamke mzima avue shanga mbele ya mashine inayoongea? Mshipi ukazungushwa juu ya shanga. Mistari saba, sentimita nne. Miaka thelathini.

2

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Mzee Zomboko, Mzaramo wa Maneromango aliyeletwa Unyamwezi na kazi ya reli na kusahau kurudi kwao. Alikuwa na miaka sabini na mbili, lakini mtu angemdhania baba yake Bi Nyamizi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka amezikata ndala zake pembeni. Miaka minne iliyopita alipona, na cheti chake alikitundika ukutani. Sasa alikuwa na dalili zote tano, na kwenye orodha alikuwa mtu wa sitini na moja.

"Nyamizi, mtumwa wangu!" akaita, akigeuza shingo kufuata sauti ya viatu, maana sukari ilikuwa imeanza kumla macho. "Umekufa au hujafa? Nataka nafasi yako."

"Mzaramo, hujaoza tu wewe? Nilisikia harufu nikadhani panya."

"Panya ni chakula chenu, mimi siingilii." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Kaa hapa kidogo."

Bi Nyamizi akakaa. Miguu yake haikuwa inauma. Ilikuwa imechoka tu, uchovu ambao hakuna mshipi unaousoma.

"Nimekuja kupanga mambo ya msiba wangu," Mzee Zomboko akasema. "Mtani wangu ni wewe. Wengine wote mmewamaliza kwa kuwaponya. Siku wakinibeba, uzuie jeneza pale kwenye daraja. Lala chini kabisa, usione haya. Useme huyu Mzaramo hapiti, alinilia mbaazi zangu. Usiwaachie mpaka wakupe jogoo."

"Jogoo mdogo au mkubwa?"

"Mkubwa, shenzi wewe! Unataka watu waseme nilikuwa mtu wa kifaranga?" Akainua kidole. "Usinizuie kwa uvivu, Nyamizi. Nimehudhuria misiba mitatu mwaka huu, watani wanazuia jeneza wamesimama, mikono mfukoni. Aibu."

"Nitalala chini."

"Na kanga nzuri."

"Na kanga nzuri, Mzaramo. Sasa nyamaza, unapandisha presha bure."

Akamwangalia akijivuta kwenda zake, mkono mmoja ukipapasa ua. Alihesabu kichwani bila kutaka. Kama yule aliyeko nyuma ya pazia ana dalili mbili, basi huyu si wa sitini na moja. Na kama huyu si wa sitini na moja, yule ndiye atakayepapasa ua mwaka kesho. Hesabu ndogo, ya darasa la pili, na ilimkalia kifuani kama gunia la chumvi.

Na watu watasemaje? Ua mmoja, mume mmoja, mmoja ana mshipi mkononi na mwenzake anatolewa. Hata mbuzi wangejua la kusema.

3

Siku ya tano, jua likiwa bado juu ya paa la jirani, Bi Nyamizi alijifungia chumbani, akavua shanga zake mwenyewe, akachukua utepe wa cherehani. Alikuwa amelala siku nne na wazo moja zuri: kwamba atajipima yeye, atashuka yeye, atatoka yeye kwenye orodha, na kichupa chake kitamfuata Mzaramo. Bi Mwashi atabaki na shanga zake na siri yake. Na yeye atapata jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwamba analitaka. Atazeeka, kidogo kidogo, akae kwenye mkeka, aletewe uji.

Akauzungusha utepe juu ya ngozi tupu. Akausoma. Akautoa, akapumua nje, akavuta tumbo ndani kama mwizi anayepita dirishani, akausoma tena.

Themanini na nane.

"Loo," akasema.

"Vuta zaidi," sauti ikasema mlangoni. "Labda utafika themanini na saba na nusu." Bi Mwashi alikuwa ameegemea mlango, sahani ya shanga mkononi na uzi mpya kati ya meno. "Mlango wako haufungi tangu Kasanda alipoutengeneza. Unafanya nini?"

"Naota joto."

"Unatafuta njia ya kufa kabla yangu, uende kwa mume peke yako."

Bi Nyamizi akaketi kitandani, utepe ukining'inia. Akajifunga kanga. Pilau la miaka mingi lilikuwa lake kwa haki, hakuna shanga iliyomsingizia.

"Mwashi."

"Nilisikia," Bi Mwashi akasema. Akaja akakaa naye, akaanza kutunga, shanga moja moja. "Masikio yangu ni ya kiloto, yanasikia kama ya popo. Sabini na tisa. Nikasema moyoni, kumbe bado mimi ni mwanamwali, na hakuna wa kumwambia." Akatunga tano, sita. "Nikatoka nje nikamwona Zomboko."

"Siku mbili zimebaki. Ninaweza kukupima tena na uzi mpya, mshipi useme themanini na tatu, nitume. Nani atajua?"

"Wewe."

"Mimi nimechoka kujua vitu."

Nje kuku mmoja alikuwa akijisifu kwa yai.

"Unakumbuka siku Kasanda alipopona?" Bi Mwashi akauliza.

Ni Bi Nyamizi aliyempima. Mume aliinua shati mwenyewe, mwili mtupu, mwanaume hana cha kuvua. Kiuno themanini na tisa, mpaka wa wanaume tisini. Mshipi ukasema amepona, na wake zake wawili wakapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Miezi kumi na moja baadaye walikuwa wakimgeuza kitandani kwa zamu.

"Alipungukiwa sentimita moja tu," Bi Mwashi akasema. "Ningejua ningemfunga shanga zangu."

"Angekataa."

"Angekataa mchana." Akacheka, na kicheko kikamwisha kabla ya wakati wake. Akafunga fundo mwisho wa uzi, akakata kwa meno. "Usinipime kwa uongo, Nyamizi. Na usinifichie kwa huruma pia. Miaka sitini nimekuwa mke mdogo, kila kitu nakuta kimeshaamuliwa. Hili niachie."

4

Siku ya saba, ya mwisho ya kupimwa mwezi huo, foleni ilifika mpaka kwenye mti wa mkungu. Bi Nyamizi akatoka mbele ya pazia na kusema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika kazi yake yote, na akalisema kwa sauti ya kuagiza chumvi ili lisimtetemeshe:

"Wanawake, leo mnapimwa juu ya ngozi. Shanga mnavua. Miaka yote nilipima vibaya. Kosa ni langu."

Foleni ikachemka.

"Shanga zangu avue nani?"

"Mbele ya kile kidude kinachosema asante?"

Bi Tausi, mwuza maandazi, mwanamke mwenye dalili nne na ulimi wa tano, akapiga makofi mara moja. "Haya, uke wenza huo! Nilisema mimi! Wanakaa miaka yote wanachekeana, kumbe mmoja anangoja mshipi. Mwashi ana kiuno cha nyigu, nani asiyejua? Anataka kumwondoa!"

Bi Nyamizi aliyangoja maneno hayo wiki nzima, na yalipofika aliona hata nguvu ya kuumia hana.

Pazia likasogea. Bi Mwashi alikuwa ameshaingia, na ameshatoka, kanga imefungwa vizuri, na mkononi anazo shanga zake, mistari saba, nyekundu na nyeupe. Akaziweka juu ya meza mbele ya watu wote. Wanaume wakaangalia juu, wote kwa pamoja, kama ndege imepita.

"Tausi, mdomo wako ungekuwa kiuno ungepewa vichupa viwili," akasema. "Nyamizi, nipime."

Nyuma ya pazia Bi Nyamizi akamzungushia mshipi. Ngozi ilikuwa ya moto na laini, na palikuwa na alama za shanga zilizochimba vijishimo, mstari juu ya mstari. Mwanamke mwingine hakuwahi kuviona.

"Kiuno, sabini na tisa. Dalili mbili. Hongera, umepona. Nakuta tofauti na vipimo vya zamani. Taja sababu."

"Shanga," Bi Nyamizi akasema.

"Sijaelewa. Chagua: ugonjwa, uzazi, kosa la mpimaji."

Wakatazamana. Bi Mwashi akaanza kutikisika mabega, na Bi Nyamizi hakujua kama ni kicheko au ni kile kingine, na pengine Bi Mwashi naye hakujua.

"Kosa la mpimaji," Bi Nyamizi akasema.

"Limeandikwa. Mpimaji ataitwa mjini kujieleza. Nitume?"

Mkono wa Bi Mwashi ukaja juu ya mkono wake, juu ya mshipi. Haukusukuma, haukuzuia.

"Tuma," Bi Nyamizi akasema.

Asubuhi ile alilisema neno lile mara nyingine tatu. Wanawake wanne walitoka kwenye orodha na wanaume wanne wakaingia, na hakuna aliyepiga vigelegele. Bi Tausi alipovua zake akabaki na themanini na sita, akatoka nyuma ya pazia ameinamisha kichwa, akaenda kukaa karibu na Bi Mwashi, akampa andazi.

Jina la kwanza kusomwa kati ya walioingia lilikuwa Zomboko. Alipoambiwa, akasimama katikati ya chumba na ndala zake zilizokatwa, uso umeelekea mahali alipodhani Bi Nyamizi yupo, na mara moja tu katika maisha yao Mzaramo huyu akakosa tusi.

"Nani katoka?" akauliza.

"Mimi," Bi Mwashi akasema.

Midomo ikamcheza. "Mimi nilikuwa nimeshapanga jeneza."

"Litanifaa mimi. Usilie, Mzaramo, utashusha presha, mshipi ukutoe tena."

5

Vichupa vililetwa Jumatatu, hamsini na tisa vikaenda kwa wenyewe, na cha sitini kikabaki mkononi mwa Bi Nyamizi, chake, kidogo kama kidole cha mtoto. Hakujichoma begani. Alikwenda nacho nyumbani, akamkuta Bi Mwashi uani anapepeta mchele, akakiweka juu ya ungo katikati ya mchele.

Bi Mwashi akakiangalia. "Nini hiki?"

"Unakijua."

"Mimi nimepona. Nina cheti."

"Nilimuuliza daktari, mwaka ule wa kalamu. Nilimuuliza mtu akichomwa mwezi huu na kuruka ujao itakuwaje. Akasema hatazeeka kwa kuporomoka, atazeeka polepole, kama watu wa zamani. Mwaka kwa mwaka. Magoti, mvi, meno." Bi Nyamizi akavuta kigoda, akakaa, na kukaa kwenyewe kukachukua muda. "Sikumuuliza kwa ajili yako, usijipendekeze. Nilikuwa naulizia kwangu."

"Wakijua?"

"Wameshaniita mjini kwa makosa manne. Nikifika na la tano nitasema nililisahau nyumbani."

Bi Mwashi akakitoa kichupa kwenye mchele, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakishika juani. Akawaza. Uso ule uliokaa miaka thelathini bila kubadilika ukaonekana kwa mara ya kwanza kama uso wa mtu aliyesafiri kutoka mbali.

"Zamu," akasema.

"Zamu."

"Siku mbili mbili, kama enzi za Kasanda?"

"Mwezi mmoja mmoja. Kiloto hakigawiki kwa siku." Bi Nyamizi akafumba macho, jua likampiga usoni, akasikia uchovu wake wote umekaa naye pale kigodani, na safari hii haukumtisha. "Huu kwako. Ujao kwangu. Na usianze ule mchezo wako wa kupata homa kila zamu yangu ikifika."

"Ile homa ilikuwa ya kweli!"

"Miaka ishirini, kila baada ya siku mbili?"

Bi Mwashi akashusha kanga begani, akampa mke mwenzake mgongo, akangoja sindano.